Kishindo Kilichozama: Historia ya Bustani ya Mtoni Jinja

Jinja, mji wa Uganda uliopo pale Mto Nile unapotoka Ziwa Viktoria, haukosi watalii. Wengi huja kupanda maboti ya mpira kwenye mawimbi makali yaliyo kaskazini ya mji. Wachache hukaa kwa muda katika Bustani za Chanzo cha Nile, ukingoni mwa mto. Humo nyasi zinateremka hadi majini, miti imetanda kivuli, na mto unapita kwa kasi pasipo kishindo. Ni rahisi kudhani utulivu huo ndio asili ya mahali hapa. Historia inasema vingine: ukimya wa Jinja ulitengenezwa, na watu waliulipia.

Hapa palikuwa na maporomoko yenye kimo cha mita nne hivi na upana wa mita mia na zaidi. Mwingereza John Hanning Speke alifika tarehe 28 Julai 1862, akayapa jina la Ripon, kwa heshima ya mkuu wa jumuiya ya wanajiografia iliyomtuma. Lakini maelezo yake mwenyewe yanaonyesha kwamba hakukuta pori tupu. Aliona samaki kwa maelfu wakirukia maporomoko, na wavuvi wa Kisoga na Kiganda wamejipanga juu ya miamba na fimbo zao za kuvulia, huku viboko na mamba wakisinzia majini. Ni wenyeji waliokuwa kazini, kando ya mto ambao Wasoga wanauita Kiyira.

Msafara wenyewe haukuwa wa Mwingereza peke yake. Uliondoka Unguja mwaka 1860, na miongoni mwa viongozi wake alikuwemo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa utumwani India, kisha akarejea Afrika akiwa huru. Alizungumza na Speke kwa Kihindustani, na wapagazi kwa Kiswahili. Ndiye pia aliyekuwa naye mwaka 1858, Speke alipoliona ziwa kwa mara ya kwanza karibu na Mwanza. Habari za chanzo cha Nile zilifika Ulaya zikiwa zimepitia midomo na mabega ya watu wa Afrika Mashariki.

Ukimya wa kwanza uliletwa na ugonjwa. Mwanzoni mwa karne ya 20, malale iliua watu zaidi ya 200,000 katika mwambao na visiwa vya ziwa, Buganda na Busoga. Kuanzia mwaka 1906, Hesketh Bell, mtawala wa kikoloni wa Uganda, aliamuru watu wahamishwe umbali wa kilomita tatu hivi kutoka majini ili kuwakwepa mbung'o. Vijiji vya wavuvi vikabaki mahame. Amri hiyo iliokoa maisha, lakini ilikata uzi uliowaunganisha watu na mwambao wao.

Mji wa Jinja, kwa upande wake, ulikua. Reli ilikuwa imefika Kisumu mwaka 1901, na meli zikaunganisha bandari hizo mbili. Mwaka 1912 ikafunguliwa reli ya kutoka Jinja hadi Namasagali, kupokea pamba ya Busoga na ya kandokando ya Ziwa Kyoga. Winston Churchill, aliyepita hapa mwaka 1907, aliyatazama maporomoko akawaza mitambo ya umeme. Wazo hilo lilitimia mwaka 1954, Malkia Elizabeth wa Pili alipofungua Bwawa la Owen Falls, kilomita chache chini ya mto. Maji yakapanda, maporomoko ya Ripon yakazama. Umeme ukaendesha viwanda vya nguo na kuwasha taa hadi Kampala, na kishindo kikakoma.

Ndani ya bustani ipo sanamu ya Mahatma Gandhi. Sehemu ya majivu yake ilitiwa katika mto huu mwaka 1948, wakati maporomoko yangali hai. Sanamu ilizinduliwa mwaka 1997. Anayeitazama leo akiwa ameuelekea mto anaona maji tofauti kabisa na yale yaliyoyapokea majivu hayo.

Kuzama kwa maporomoko kumejirudia. Mwaka 2011 bwawa la Bujagali lilizamisha maporomoko mengine yaliyoheshimiwa na Wasoga kama makao ya mizimu, na waendesha maboti wakasogea chini zaidi.

Sisemi umeme ni kosa. Hospitali na shule zinauhitaji. Nasema bustani hii ina deni la kueleza. Jina la Speke tayari linajulikana. Mgeni anastahili kusikia pia habari za wavuvi wa juu ya miamba, Bombay na wapagazi wake, familia zilizohamishwa na malale, na maporomoko yaliyo chini ya maji. Waongozaji wa Jinja wanaweza kuanza kusimulia hayo leo, kabla wazee wa Busoga waliorithi kumbukumbu hizo hawajatutoka.