China Katika Fukwe Mbili za Tanganyika

Aprili 1965 Che Guevara alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma kwenda kuwasaidia waasi wa Kongo. Novemba alirudi ameshindwa. Laurent Kabila, mmoja wa viongozi wa waasi hao, alishikilia fikra za Mao, kiongozi wa China, na Desemba 1967 akaunda chama cha PRP, yaani Chama cha Mapinduzi ya Umma, katika milima ya Fizi. Huko Hewa Bora, ngome yake, chama ndicho kilikuwa serikali: mashamba ya pamoja, na dhahabu ikivushwa kwa magendo. Mei 1975 wapiganaji wake walikuja usiku hadi Gombe, upande wa Tanzania, wakateka watu wanne na kudai fedha. Chama kilichojiita cha umma kilikuwa kimekwisha kuwa mzigo wa umma.

Upande wetu, Mwalimu Nyerere alizuru China Februari 1965, akavutiwa na nidhamu na ubanaji wa matumizi aliouona. Mwaka 1967, alipoeleza ujamaa vijijini, alisisitiza hiari. Lakini 1972 ikaja Operesheni Kigoma ya kuhamishia watu vijijini, na Novemba 1973 akatangaza kuwa kuishi vijijini ni lazima. Watongwe wa Mahale walikuwa wakiishi katika vitongoji vidogo milimani, wakilima mihogo na kuhama ardhi ikichoka. Waliteremshwa, wakapangwa vijijini. Mwaka 1985 milima yao ikawa hifadhi ya taifa. Njia ya kurudi ikafungwa. Jambo hili bado linaniuma, kwa sababu waliohamishwa hawakuwa wapinzani wa mtu yeyote.

China yenyewe ililipa zaidi. Komuni za 1958 zilifuatiwa na njaa iliyoua mamilioni. Mwaka 1978 wakulima 18 wa kijiji cha Xiaogang waligawana mashamba kwa siri. Safari hiyo Chama cha Kikomunisti kiliwafuata wakulima. Chini ya Xi Jinping chama kimeingia tena kila mtaa, kwa ukaribu unaomzidi balozi wetu wa nyumba kumi. Hata hivyo, Novemba 2022 vijana walisimama na karatasi nyeupe mikononi kupinga masharti ya UVIKO, na Desemba masharti yakalegezwa.

Desemba hiyohiyo kampuni za China zilisaini mkataba wa kujenga reli ya kisasa ya Tabora–Kigoma, kilomita 506. Ya Wajerumani ilifika Kigoma 1914, na wenyeji hawakuulizwa. Leo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaupa mkutano mkuu wa kijiji nafasi ya kusema ardhi inapotwaliwa. Uitishwe mapema, kabla mawe ya mipaka hayajasimikwa, na fidia ijadiliwe mbele ya wenye mashamba.