Uboreshaji wa hifadhidata ya programu funge
Uboreshaji wa hifadhidata ya programu funge ni kazi ya kuongeza kasi ya hifadhidata inayotumiwa na programu ambayo mteja hana ruhusa ya kubadili msimbo wake. Maulizo huandikwa na mtengenezaji. Msimamizi wa hifadhidata hubaki na mamlaka juu ya seva tu.

Kazi huanza kwa kupima. Katika PostgreSQL, kiendelezi cha pg_stat_statements huonyesha maulizo yanayokula muda mwingi. Katika SQL Server, tangu toleo la 2016, ipo Query Store kwa kazi hiyo hiyo. Kisha takwimu za majedwali huhuishwa, maana kipangaji, yaani sehemu ya hifadhidata inayochagua mpango wa kutekeleza ulizo, huzitumia kukadiria idadi ya safu mlalo, na makadirio mabaya huzaa mpango mbaya. Faharasa mpya mara nyingi huleta nafuu kubwa, ingawa huchukua nafasi ya diski na kuchelewesha uandikaji wa data.

Kipangaji kikiendelea kukosea, mpango wa utekelezaji huweza kuelekezwa bila kuigusa programu. SQL Server 2005 ilileta vielekezi vya mipango, na toleo la 2022 likaongeza vidokezo vya Query Store. Oracle 11g iliwezesha kuhifadhi mipango iliyokubaliwa, ili mpango mpya usitumike kabla ya kuthibitishwa.

Kabla ya badiliko lolote, mkataba wa mtengenezaji husomwa, kwani baadhi ya mikataba hukataza faharasa za ziada, na usasishaji wa programu huweza kuzifuta. Kila badiliko hujaribiwa kwenye nakala ya hifadhidata, huwekwa kwenye kumbukumbu za maandishi, na huandaliwa njia ya kulitengua.