Msumeno wa Kuhani

Mwaka 1671 mji wa Nara, Japani, ulikuwa na kesi ngumu. Kulungu dume walikuwa wakiwachoma watu pembe, na kumuua kulungu lilikuwa kosa la kupoteza maisha. Hawakuwa wanyama wa porini tu. Masimulizi yanasema mungu Takemikazuchi alifika kwenye hekalu la Kishinto la Kasuga akiwa amempanda kulungu mweupe. Waliobaki wakahesabiwa kuwa wajumbe wake.

Hekalu la Kibudha la Kofuku-ji, lililokuwa na mamlaka juu yao, likapatana na mtawala wa mji: wanyama waachwe, pembe zikatwe.

Mapatano hayo niliyasoma kwanza maktabani. Oktoba moja nikaenda kuyaona, uwanjani karibu na Kasuga. Wanaume waliojifunga vitambaa kichwani waliwafukuza madume, wakawatupia kamba za pembeni, wakawavuta hadi kwenye nguzo. Nguvu iliyotumika haikufichwa, na baadhi yetu tuliguna. Kisha dume mmoja akalazwa kwenye jamvi, kichwa juu ya mto. Kuhani aliyevaa mavazi meupe akamnywesha maji ili atulie, ndipo akashika msumeno.

Kulungu wa kwetu Afrika hubaki na pembe zake maisha yote. Hawa huziangusha kila mwaka na kuota nyingine. Ifikapo Oktoba pembe imekauka, haina damu wala hisia. Iliyokatwa hutolewa sadaka kwa miungu. Dume alipofunguliwa alisimama, akatikisa kichwa, akakimbilia wenzake.

Ni rahisi kudhani imani pekee ndiyo iliyowalinda. Historia inakataa. Vita na njaa vilipobana, watu waliwawinda wajumbe hao wa mungu, na mwaka 1945 walihesabiwa 79 tu. Mwaka 1957 serikali ikawatangaza kuwa urithi wa asili, na leo wamezidi elfu moja.

Kwa hiyo msumeno ule siuoni kama doa katika ibada. Kuishi na kitu kitakatifu kuna gharama, na mtu anayechomwa pembe mlangoni kwake ndiye wa kwanza kuilipa. Nara iliamua kulungu naye achangie kidogo, kwa kile ambacho kingeanguka chenyewe.