Santuri za gitaa kavu za Katanga
Rekodi za waimbaji wa gitaa kavu (lisilotumia umeme) wa kusini mashariki mwa Kongo, zilizotolewa kwenye santuri za mizunguko 78 kwa dakika katika miaka ya 1950. Maarufu zaidi ni za Mwenda Jean-Bosco (1930–1990), mzaliwa wa Bunkeya, ambaye mrekodi wa muziki Hugh Tracey alimkuta Jadotville (leo Likasi) mwaka 1952. Wimbo wake “Masanga” ulisambazwa na kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini. Alipiga kwa kidole gumba na cha shahada tu, lakini msikilizaji hudhani wapo wapigaji wawili. Ndiyo maana wapenzi wa bluzi ya zamani ya Marekani humtafuta pia. Kwa kuwa aliimba Kiswahili, wasikilizaji wa Fizi na Baraka, mashariki mwa Kongo, hawahitaji mkalimani.

Santuri hizo huvunjika kama sahani, na nakala nzima ni adimu. Mwaka 1954 Tracey alianzisha maktaba ya muziki wa Afrika, ILAM, ambayo tangu 1978 imo katika Chuo Kikuu cha Rhodes. Kuhifadhi ni nusu ya kazi. Rekodi hizi zinastahili kurudi zilikopigwa, bila malipo.