Kutoka Uzito wa Betri hadi Kipimo cha Megajuli: Ujio wa Teknolojia Mseto katika Mbio za Magari za Ustahimilivu, 1998–2023

Historia ya teknolojia mseto katika mbio za magari za ustahimilivu huelezwa mara nyingi kwa kuanzia Juni 2012, pale Audi R18 e-tron quattro iliposhinda mbio za Saa 24 za Le Mans nchini Ufaransa. Tarehe hiyo inatosha kwa orodha ya washindi. Kwa mwanahistoria haitoshi. Inaficha majaribio yaliyotangulia, na inadokeza kwamba teknolojia hiyo ilishinda kwa ubora wake pekee. Makala haya yanajenga hoja kwamba mtungaji wa kanuni alikuwa na nafasi kubwa kuliko inavyokubaliwa kwa kawaida, na kwamba mwaka wa mageuzi ulikuwa 2014.

Msingi wa kifizikia wa suala hili ni mwepesi. Gari linapofunga breki, nishati ya mwendo hugeuka joto na kupotea hewani. Mfumo mseto huikamata sehemu ya nishati hiyo kwa mota inayofanya kazi ya jenereta, huihifadhi, kisha huirudisha kwenye magurudumu gari linapotoka kwenye kona. Katika mbio za saa 24, ambamo breki hufungwa kwa nguvu maelfu ya mara, faida yake ni dhahiri. Ugumu umo katika kuhifadhi. Chombo cha kuhifadhia kina uzito, na uzito huligharimu gari la mashindano katika kila kona. Historia ya miaka 15 ya mwanzo ni, kwa kiasi kikubwa, historia ya kukitafuta chombo hicho.

Jaribio la kwanza la kutajika lilifanywa na Don Panoz mwaka 1998, akishirikiana na kampuni ya Zytek ya Uingereza. Gari lao, Panoz Q9, lilibeba betri nzito mno na halikufuzu kushiriki Le Mans mwaka huo. Oktoba lilishiriki mbio za Petit Le Mans katika jimbo la Georgia, Marekani, na kumaliza katika nafasi ya 12. Matokeo hayo si ya kudharauliwa, ila wahandisi wengi waliyachukulia kuwa ushahidi kwamba betri hazifai. Baadaye itaonekana kwamba hukumu hiyo ilihusu betri za wakati ule, wala haikuhusu wazo lenyewe.

Kwa sababu hiyo, waliofuata waliikwepa betri. Julai 2007, Toyota Supra HV-R ilishinda mbio za Saa 24 za Tokachi nchini Japani, ikihifadhi umeme katika kapasita, kifaa kinachopokea na kutoa umeme haraka sana ingawa hakihifadhi mwingi. Porsche ilichagua njia nyingine. Gari lake la 911 GT3 R Hybrid la mwaka 2010 lilikuwa na flaiwili ya umeme iliyofungwa kando ya dereva, mahali pa kiti cha abiria, ikizunguka hadi mara 40,000 kwa dakika na kuzilisha mota mbili za magurudumu ya mbele, kila moja ikiwa na kilowati 60. Katika mbio za Saa 24 za Nürburgring, Mei 2010, gari hilo lilikuwa likiongoza lilipokufa zikiwa zimesalia chini ya saa mbili. Kilichoharibika ni injini ya petroli. Mfumo wa umeme, ambao wengi waliushuku, ulikuwa mzima.

Mwaka 2012 wenyewe unahitaji kusomwa kwa makini zaidi. Kanuni za msimu huo, ambao ndio uliofufua ubingwa wa dunia wa mbio za ustahimilivu, ziliruhusu kilojuli 500 tu kurejeshwa baina ya sehemu mbili za kufungia breki. Aidha, gari lililopeleka nguvu ya umeme katika ekseli ya mbele lilizuiwa kuitumia chini ya kilomita 120 kwa saa, ili lisipate manufaa kamili ya kuendeshwa kwa magurudumu manne. Audi ilichagua ekseli ya mbele na flaiwili, ikalikubali sharti hilo. Toyota ilichagua ekseli ya nyuma na kapasita, ikaliepuka. Katika Le Mans, Audi ilipeleka magari mawili ya mseto na mawili ya dizeli pekee, na moja kati ya haya ya dizeli lilimaliza la tatu nyuma ya wenzake wa mseto. Hivyo ushindi wa Marcel Fässler, André Lotterer na Benoît Tréluyer ni ushahidi kwamba teknolojia mseto ilikwisha kuaminika kwa saa 24. Kudai kwamba ilikwisha kuwa ya lazima ni kuvuka mpaka wa ushahidi.

Ulazima uliletwa na kanuni za 2014. Badala ya kudhibiti ukubwa wa injini, wasimamizi walipima nishati. Kila gari lilipewa kiasi maalumu cha mafuta kwa mzunguko, na kila timu ya kiwanda ilichagua daraja la nishati ya umeme: megajuli 2, 4, 6 au 8 kwa mzunguko mmoja wa Le Mans. Aliyechagua umeme mwingi alipunguziwa mafuta. Kwa mara ya kwanza swali la mhandisi halikuwa tena kupata nguvu kubwa. Lilikuwa kupata mwendo mkubwa kwa nishati iliyokwisha kuhesabiwa. Kinaya ni kwamba mshindi wa Le Mans mwaka huo alikuwa Audi, aliyekuwa katika daraja la chini kabisa la megajuli 2, baada ya Toyota iliyoongoza usiku kuzimika kwa hitilafu ya umeme. Porsche ilipopanda hadi megajuli 8 mwaka 2015, ikikusanya umeme kutoka ekseli ya mbele na kutoka moshi wa injini, ndipo iliposhinda.

Porsche ilitumia betri za lithiamu tangu mwanzo wa mradi huo. Mwaka 2016 Audi iliiacha flaiwili na Toyota ikaiacha kapasita, zote zikahamia kwenye betri. Wazo la 1998 lilirudi kwa mlango mwingine.

Gharama ya mafanikio hayo ilikuwa kubwa. Timu binafsi hazikuweza kumudu mifumo hiyo, zikabaki na injini za kawaida na kushindania nafasi za nyuma. Mwaka 2017 Porsche iliyoshinda ilikuwa imepoteza zaidi ya saa moja mafundi wakibadilisha mota ya ekseli ya mbele, na ilibidi ilipite gari la daraja la chini, lisilo na mseto, lililokuwa likiongoza. Wakati huo Audi ilikwisha kujitoa, baada ya kashfa ya dizeli ya Volkswagen iliyofichuka Septemba 2015. Porsche nayo ikaondoka mwishoni mwa 2017. Toyota ikasalia kiwanda pekee chenye gari mseto, na ikashinda Le Mans mfululizo kuanzia 2018 hadi 2022.

Kanuni za 2021 zilipunguza uhuru huo wa gharama kubwa: mseto ukawa hiari, na nguvu yake ikawekewa kikomo cha kilowati 200. Ferrari iliposhinda mwaka 2023, miaka 58 baada ya ushindi wa 1965, ilitumia mfumo iliouunda yenyewe. Washindani wake wa daraja la LMDh walifunga mota ya aina moja kutoka Bosch, ya kilowati 50, iliyonunuliwa kama kinavyonunuliwa kipuri kingine chochote.