Zege lenye nyuzi na moto mkali: Kisumu na ufuo wa Ziwa Viktoria

Zege lenye nyuzi ni zege la kawaida, yaani saruji, mchanga, kokoto na maji, lililochanganywa na vipande vifupi vya nyuzi za chuma, plastiki au mimea ili nyufa zisipanuke. Moto ukiwaka, kila aina ya nyuzi huwa na tabia yake, na katika mji wenye matangi na gati la mafuta kama Kisumu, kutozitofautisha tabia hizo ni hatari.

Zege haliungui, bali hudhoofika kwa hatua. Kati ya sentigredi 400 na 500, chokaa iliyomo ndani ya saruji iliyoganda huvunjika na kutoa maji. Ikifika 573, madini ya kwatzi hubadilika muundo na kuvimba. Kwa hiyo aina ya kokoto ni jambo kubwa. Matale, jamii ya mawe yaliyounda Kit Mikayi kule Seme, yana kwatzi kwa wingi. Fonolaiti, jiwe la volkano lililofunika uwanda wa juu wa Nyabondo, haina. Kanuni ya Ulaya EN 1992-1-2 hukadiria kwamba zege la kawaida la kokoto zenye silika hubaki na asilimia 45 ya nguvu yake ya kuhimili mgandamizo likifika sentigredi 600, na asilimia 15 tu likifika 800. Katika jaribio la kawaida la moto, hewa ya tanuri hupita sentigredi 800 ndani ya nusu saa. Moto wa petroli hupanda haraka zaidi.

Hatari ya ghafla ni kubanduka. Maji yaliyonaswa ndani ya zege hugeuka mvuke, na zege likiwa limeshikana sana mvuke hukosa njia. Shinikizo lake, likiungana na mkazo wa joto, hurusha mapande na kuacha nondo wazi. Zege gumu la kisasa ndilo linaloathirika zaidi, hasa likiwa na unyevu mwingi, na karibu na ziwa hewa haikaushi kuta upesi. Moto wa Novemba 1996 katika njia ya reli iliyo chini ya bahari kati ya Uingereza na Ufaransa ulikula sehemu kubwa ya unene wa kuta za zege kwa namna hiyo.

Nyuzi za polipropilini huokoa zege kwa kufa mapema. Huyeyuka zikifika sentigredi 160 hadi 170 na kuacha vijia vyembamba ambamo mvuke hupenya. Kanuni hiyohiyo ya Ulaya hutaja kilo 2 kwa kila mita ya ujazo kuwa njia mojawapo ya kulinda zege gumu. Haziongezi nguvu ya kubeba mzigo, na anayeziuza kwa ahadi hiyo anapotosha. Nyuzi za chuma hufanya kinyume: hustahimili joto kwa muda mrefu zaidi, hushika pande mbili za ufa na kulifanya zege lililopata moto lisivunjike ghafla. Peke yake, hata hivyo, chuma hakizuii kubanduka kwa uhakika. Penye hatari ya moto wa mafuta, aina hizo mbili hutumiwa pamoja.

Katani, inayotoka kwenye mikonge iliyopandwa kuwa ua katika boma nyingi za Nyanza, na gugu maji la Ghuba ya Winam hupendekezwa mara kwa mara kama nyuzi za bei nafuu. Zinafaa kupunguza nyufa za plasta na vigae. Lakini magadi ya saruji huzila polepole, na joto likizidi kidogo sentigredi 200 huanza kuwa makaa. Kuzihesabu kuwa kinga ya nguzo dhidi ya moto ni kosa. Kwa nyumba ya kawaida ya ghorofa chache, unene wa zege linalofunika nondo, ushindiliaji mzuri na kumwagilia maji siku za mwanzo huokoa zaidi kuliko nyuzi zozote.

Baada ya moto, rangi ya waridi kwenye zege mara nyingi huonyesha kwamba joto lilipita sentigredi 300, ingawa si kokoto zote hubadilika hivyo. Ukaguzi wa macho hautoshi. Chokaa iliyoungua hufyonza unyevu wa hewa na kuvimba, hivyo jengo linaweza kuendelea kupoteza nguvu siku nyingi baada ya majivu kupoa. Ndiyo maana mhandisi hukata vipande vya mviringo kutoka nguzo na boriti na kuvipima kabla ya watu kuruhusiwa kurudi.