Tabianchi ya China

Tabianchi ya China ni ya aina nyingi kwa kuwa nchi hii ina eneo la takriban kilomita za mraba milioni 9.6 na inaenea kutoka kisiwa cha Hainan, kwenye latitudo ya 18 kaskazini ya ikweta, hadi Mohe kwenye latitudo ya 53. Sehemu kubwa iko katika ukanda wa wastani wenye majira manne. Kusini kabisa ni ya kitropiki, na magharibi kuna majangwa na milima mirefu. Tofauti hizo zilionekana wazi mwaka 2023: tarehe 22 Januari huko Mohe ilipimwa sentigredi −53.0, na tarehe 16 Julai huko Sanbao, karibu na Turpan, ilipimwa sentigredi 52.2.

Mashariki ya nchi, wanakoishi Wachina walio wengi, hutawaliwa na pepo za monsuni. Mvua ikija kwa wakati wake, kuna mavuno. Ikikawia mahali pamoja, huleta mafuriko hapo na ukame kwingine.

Sababu za tofauti

Wakati wa baridi ardhi ya Siberia na Mongolia hupoa kuliko bahari. Hewa baridi ni nzito, hivyo kanieneo huwa kubwa na upepo mkavu huvuma kuelekea kusini na mashariki. Ndiyo maana wastani wa Januari mjini Beijing uko chini ya sentigredi 0, ingawa mji huo uko karibu kwenye latitudo moja na Madrid, ambako baridi ni ndogo zaidi. Wakati wa joto mambo hugeuka: bara hupata joto, hewa hupanda, na upepo wenye unyevu huingia kutoka baharini. Kupoa na kupata joto kwa bara hilohilo la Asia huchangia pia pepo za kaskazi na kusi katika pwani ya Afrika ya Mashariki.

Sababu ya pili ni mwinuko. Nyanda za juu za Tibet zina kimo cha wastani kinachozidi mita 4,000, na milima ya Himalaya huzuia unyevu wa Bahari Hindi. Sababu ya tatu ni umbali kutoka baharini. Huko Turpan, katika Xinjiang, mvua ya mwaka haifiki milimita 20. Wakulima wa huko hustawisha mizabibu kwa maji ya theluji ya milima ya Tian Shan, yanayoletwa kwa mifereji iliyochimbwa chini ya ardhi ili yasikauke kwa jua.

Safari ya mvua

Mvua za monsuni huanza kusini, katika Guangdong na Guangxi, mnamo Aprili na Mei. Katikati ya Juni ukanda wa mvua hufika bonde la mto Yangtze na kukaa hapo kwa takriban mwezi mmoja. Mvua hizo huitwa meiyu, maana yake "mvua za plamu", kwa sababu hunyesha wakati plamu zinapoiva. Mwishoni mwa Julai ukanda huo hufika kaskazini. Beijing hupata zaidi ya nusu ya mvua yake ya mwaka katika Julai na Agosti. Kisha hurudi kusini kwa haraka.

Ukanda ukikwama juu ya Yangtze, mto hufurika, kama ilivyotokea miaka 1931, 1954 na 1998. Ukipita haraka mno, mashamba ya mpunga hukosa maji. Kuanzia Julai hadi Septemba pwani ya kusini-mashariki hupigwa pia na tufani kutoka Bahari Pasifiki.

Kaskazini na kusini

Mpaka wa kawaida kati ya kaskazini na kusini hufuata milima ya Qinling na mto Huai. Mstari huu hukaribiana na ule wa mvua ya milimita 800 kwa mwaka, na pia na ule wa wastani wa sentigredi 0 mwezi Januari. Kaskazini yake hulimwa hasa ngano, na watu hula tambi na mikate. Kusini hulimwa mpunga.

Mstari huo umekuwa pia mpaka wa kiutawala. Tangu miaka ya 1950 serikali ilipanga miji ya kaskazini ipashwe joto kwa mabomba wakati wa baridi. Beijing hupata huduma hiyo kwa kawaida kuanzia tarehe 15 Novemba hadi 15 Machi. Miji ya kusini kama Wuhan na Shanghai haikuwekwa katika mpango huo, ingawa baridi yake ni ya unyevu na hupenya nyumbani. Mnamo Januari na Februari 2008 theluji na barafu zilianguka kusini kwa wingi usiozoeleka. Nyaya za umeme zilikatika na treni zikakwama wakati mamilioni ya watu walipokuwa wakirudi makwao kwa Mwaka Mpya wa Kichina.

Kanda nyingine

* Kaskazini-mashariki: Majira ya baridi ni marefu. Wastani wa Januari mjini Harbin ni karibu sentigredi −18, na kwa kawaida mazao huvunwa mara moja kwa mwaka.
* Kusini: Katika Guangdong na Hainan mpunga huweza kuvunwa mara mbili au zaidi kwa mwaka.
* Yunnan: Kunming, kwenye kimo cha takriban mita 1,900, hauna joto kali wala baridi kali, hivyo huitwa "mji wa majira ya kuchipua".
* Tibet: Lhasa hupata jua kali mchana na baridi usiku, hata wakati wa joto.

Kalenda ya wakulima

Tangu kale Wachina waligawa mwaka katika vipindi 24 kwa kufuata mwendo wa jua. Kipindi cha Guyu, "mvua ya nafaka", huanza karibu na tarehe 20 Aprili. Shuangjiang, "kushuka kwa jalidi", karibu na tarehe 23 Oktoba. Vipindi hivyo vilitungwa kwa kuangalia bonde la Mto Njano, kwa hiyo havilingani na hali ya Hainan wala ya Harbin. Mwaka 2016 UNESCO iliviingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Maafa na upungufu wa maji

Tarehe 20 Julai 2021 mji wa Zhengzhou ulipata milimita 201.9 za mvua katika saa moja, karibu theluthi moja ya mvua ya mwaka. Maji yaliingia katika reli ya chini ya ardhi na abiria 14 walikufa humo. Mwaka uliofuata bonde la Yangtze lilipatwa na joto kali na ukame. Mabwawa ya Sichuan yalipungua maji, na viwanda vikafungwa kwa kukosa umeme.

Kaskazini hukosa maji hata katika miaka ya kawaida. Kwa sababu hiyo serikali ilijenga mifereji ya kupeleka maji ya kusini huko. Njia ya mashariki ilianza kazi mwaka 2013, na njia ya kati, inayotoka bwawa la Danjiangkou hadi Beijing na Tianjin, ilifuata mwaka 2014.